Hamilton anasingiziwa

Tangu Aprili 2025, Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 10 kwa karibu kila bidhaa inayoingia Marekani, na viwango vikubwa zaidi kwa nchi kadhaa, kuna marehemu mmoja ambaye haachwi apumzike. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha wa kwanza wa nchi hiyo, anaitwa kila kukicha aje kutoa ushahidi. Watetezi wa ushuru wanasema rais hafanyi jipya: anarudi kwenye njia ya mwasisi aliyejenga viwanda nyuma ya ukuta wa forodha. Wapinzani wao wanaipokea hadithi hiyo bila kuikagua, wakijibu tu kwamba Marekani ya 1791 ilikuwa nchi changa ya wakulima na ya leo siyo. Wachambuzi wetu wa Kiswahili nao wameinunua kwa bei hiyohiyo: vyama vya Marekani vilizaliwa kwenye mabishano ya ushuru, Hamilton akitaka kulinda viwanda, mpinzani wake Thomas Jefferson akitaka soko huria, na yanayotokea sasa ni marudio.

Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zimemshika mtu asiye na hatia. Vyama vya kwanza vya Marekani vilizaliwa kwenye deni: nani alipwe, nani alipe, na nani awe na mamlaka ya kuamua hayo. Ushuru uliingia kama fedha ya kulipia deni hilo, na ndiyo maana Hamilton hakutaka uguswe ovyo. Waliotaka kuufanya ushuru fimbo ya kumchapia mshindani wa kibiashara mpaka asalimu amri walikuwa James Madison na Jefferson, wote watu wa Virginia, yaani wale wale walioanzisha chama cha upinzani dhidi ya Hamilton. Kama ushuru wa leo lazima upewe babu, babu huyo atafutwe Virginia, asitafutwe kwenye ofisi ya Hazina.

Tuanze na tarehe. Sheria ya kwanza ya ushuru wa forodha ilisainiwa na George Washington Julai 4, 1789. Wizara ya Fedha iliundwa Septemba 2, na Hamilton akashika uwaziri Septemba 11. Sheria inayodaiwa kuwa yake ilikuwa imeshatimiza miezi miwili kabla yeye hajapata meza ya kuandikia. Aliyeifikisha bungeni mwezi Aprili, wiki moja tu baada ya Baraza la Wawakilishi kupata akidi, alikuwa Madison, mbunge wa Virginia. Viwango vilikuwa vya upole: bidhaa nyingi asilimia 5, magari ya farasi ya wenye nazo asilimia 15. Serikali mpya haikuwa na senti mfukoni, na forodha ndiyo kodi pekee ambayo ingekusanywa bila kumgongea mkulima mlango. Lakini Madison alitaka na kitu kingine. Alitaka nchi zisizokuwa na mkataba wa biashara na Marekani, na kila mtu alijua anaisema Uingereza, zitozwe zaidi ya rafiki kama Ufaransa. Baraza la Wawakilishi likamkubalia, Seneti ikakifuta kipengele hicho. Madison hakukisahau.

Sasa twende kwenye deni, kwa sababu hapo ndipo penye nyama. Vita vya kujikomboa kutoka kwa Uingereza viliendeshwa kwa kukopa. Bunge la wakati wa vita lilikopa Ufaransa na Uholanzi, likakopa kwa raia, na lilipoishiwa likawapa askari na waliouza ng'ombe na nafaka karatasi za ahadi. Kila jimbo nalo likakopa kivyake. Amani ilipokuja, serikali kuu haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, hivyo karatasi zile zikaporomoka. Hati ya dola moja iliuzwa kwa senti 20, pengine 15. Askari aliyerudi shambani akiwa na mguu mbovu na familia ya kulisha hakuwa na anasa ya kusubiri historia imtendee haki. Akauza. Walionunua walikuwa wafanyabiashara wa mijini, hasa New York, Philadelphia na Boston, waliokuwa na fedha ya kulaza na masikio ya kusikia nini kinapikwa.

Januari 1790 Hamilton akawasilisha bungeni ripoti yake kuhusu mikopo ya umma. Hesabu aliyoitoa ilikuwa ya kutisha kwa nchi ya watu wasiofika milioni nne: zaidi ya dola milioni 11 zilidaiwa na wageni, zaidi ya milioni 42 zilidaiwa na raia, na majimbo kwa makadirio yake yalidaiwa milioni 25 nyingine. Pendekezo lake lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, hati za zamani zibadilishwe kwa hatifungani mpya zenye thamani iliyoandikwa usoni, na apewe aliyezishika leo, hata kama alizinunua jana kwa senti 20. Pili, serikali kuu ibebe na madeni ya majimbo. Hakuna aliyebisha kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ugomvi wote ulikuwa juu ya mkono upi upokee na mfuko upi utoe.

Ripoti ilipotoka, walanguzi wakapanda farasi na mashua kwenda kusini na bara kununua karatasi kwa watu ambao habari ilikuwa haijawafikia. James Jackson wa Georgia alisimama bungeni akiwaka, akilalamika kwamba meli zimeng'oa nanga New York zikiwa zimesheheni fedha za kazi hiyo. Madison akaja na njia yake: aliyeshika hati sasa alipwe bei ya juu kabisa iliyowahi kufikiwa sokoni, na kinachobaki kirudishwe kwa aliyepewa hati hiyo mwanzo. Ukiisoma leo, roho yako inaenda upande wa Madison moja kwa moja. Lakini Hamilton alikuwa na majibu mazito. Hati ikiuzwa imeuzwa. Serikali ikianza kurudi nyuma kukagua kila mauzo ili iamue nani alistahili faida, hakuna mtu atakayenunua karatasi yake tena kwa bei ya haki, na vita vijavyo itavipigana kwa mikono mitupu. Isitoshe, kumbukumbu za nani alipewa nini zilikuwa pungufu. Februari 22 kura zikapigwa: 36 dhidi ya Madison, 13 upande wake. Mimi naona Hamilton alikuwa sahihi kiuchumi, na Madison alikuwa sahihi kuhusu hisia iliyobaki. Maelfu ya watu walijifunza siku ile kwamba jamhuri yao imemlipa kikamilifu asiyekwenda vitani, na yule aliyekwenda akabaki na senti zake 20. Chama cha siasa hujengwa kwa udongo wa namna hiyo.

Sehemu ya pili, ya madeni ya majimbo, ilikwama zaidi. Virginia ilikuwa imeshalipa sehemu kubwa ya deni lake na haikuona kwa nini itozwe tena kumlipia mwenzake. Massachusetts na South Carolina zilikuwa zimezama. Aprili hoja ikaangushwa kwa kura 31 kwa 29. Mwezi Juni Jefferson, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na ametoka Ufaransa si muda mrefu, akawaalika Hamilton na Madison chakula cha jioni nyumbani kwake New York, na mapatano yakapatikana: watu wa Virginia wangelegeza upinzani, na makao makuu ya taifa yangejengwa kando ya Mto Potomac, baada ya miaka kumi ya kukaa Philadelphia. Wanahistoria wanabishana chakula hicho kilikuwa na uzito kiasi gani, maana mazungumzo yalikuwa yakiendelea pia kwingine. Matokeo hayabishaniwi. Julai sheria ya makao makuu ikapita, Agosti 4 serikali kuu ikabeba hadi dola milioni 21.5 za madeni ya majimbo. Jefferson baadaye alidai Hamilton alimchezea shere. Kwa mtu mwenye akili yake, huo ni utetezi dhaifu.

Benki ndiyo iliyovunja kabisa. Februari 1791 bunge lilipitisha muswada wa Benki ya Marekani, mtaji wake dola milioni 10, serikali ikishika asilimia 20 na wawekezaji binafsi zilizobaki, kwa kibali cha miaka 20. Katika Baraza la Wawakilishi zilikuwa kura 39 kwa 20. Wabunge wa kaskazini waliunga mkono 33, akakataa mmoja tu; wa kusini walikataa 19, wakaunga mkono 6. Ukitaka kuona chama kikizaliwa, kiangalie hapo. Jefferson alimwandikia Washington kwamba Katiba haijatoa ruhusa ya benki popote. Hamilton akajibu kwamba mamlaka ya kutimiza jambo yanakuja na njia zake, na kama Katiba imeruhusu kukusanya kodi na kukopa, imeruhusu na chombo cha kurahisisha hayo. Washington akasaini Februari 25. Mabishano yale ya kikatiba yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa pia vazi. Ndani yake kulikuwa na hofu ya mwenye shamba kwamba kutakuwa na tabaka la watu wanaoishi kwa riba ya serikali, walio na sababu ya kutaka deni lisiishe na wabunge wawe marafiki zao. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Hisa za benki zilipofunguliwa Julai 4, 1791 ziligombaniwa na kuisha mara moja. Vyeti vyake vya malipo ya awali vya dola 25 vilipanda Agosti hadi kupita dola 300, kisha vikaanguka. Machi 1792 William Duer, ambaye alikuwa msaidizi wa Hamilton kwenye Hazina kabla ya kwenda kulangua, alifilisika na kufungwa jela kwa madeni, akaburuta na wengi pamoja naye. Jefferson hakuhitaji kuhubiri tena.

Kuna kodi moja ambayo huwa tunaipita haraka, nayo ilimgusa mtu wa chini kuliko benki yoyote: kodi ya pombe kali ya Machi 1791, iliyowekwa ili kulipia madeni ya majimbo. Magharibi ya Pennsylvania, ng'ambo ya milima, mkulima hakuweza kupeleka magunia ya nafaka Philadelphia akabaki na faida. Nauli ilikula kila kitu. Alichoweza ni kuipika nafaka ile iwe wiski, pipa mbili mgongoni mwa farasi, na wiski ilitumika huko kama fedha. Sasa Hazina inamwambia alipe kodi kwa fedha taslimu, ambayo hana, na kwa utaratibu ambao mwenye mtambo mkubwa unaofanya kazi mwaka mzima alijikuta analipa kidogo kwa kila galoni kuliko yeye. Akishitakiwa, anatakiwa avuke milima hadi mahakama ya Philadelphia, karibu kilomita 500. Mwaka 1794 wakulima hao walipochoma nyumba ya msimamizi wa kodi, Washington aliongoza askari wapatao 13,000 kwenda kuwazima, Hamilton akiwa msafarani. Hawakukuta jeshi la kupigana nalo. Wawili walihukumiwa kwa uhaini na kusamehewa. Lakini eneo lile lote likawa ngome ya upinzani, na mmoja wa watu wake, Albert Gallatin, mhamiaji kutoka Geneva, akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Jefferson.

Kufikia hapo upinzani ulikuwa na jina na gazeti. Gazeti la serikali lilikuwa la John Fenno. Oktoba 1791 likaanza la Philip Freneau, mshairi ambaye Jefferson alikuwa amempa kazi ya mfasiri katika wizara yake kwa dola 250 kwa mwaka. Waziri analipa kwa fedha ya serikali mtu ambaye kazi yake ya pili ni kumshambulia waziri mwenzake: hata kwa viwango vyetu, hiyo ni kali. Upande wa Hamilton wakajiita Federalist, upande wa Jefferson na Madison Republican, ingawa chama hicho si mzazi wa Republican ya leo, iliyoanzishwa 1854.

Sasa ndiyo twende kwa ushuru, na nianze na hoja yenye nguvu ya wanaonipinga. Desemba 1791 Hamilton alitoa ripoti kuhusu viwanda, na humo alisema wazi kwamba Marekani isibaki kuwa shamba la Ulaya. Alipendekeza baadhi ya viwango vya ushuru vipandishwe, na bunge lilivipitisha vingi kati ya hivyo 1792. Alishiriki pia kuanzisha kampuni ya viwanda iliyojenga mji wa Paterson, New Jersey. Hayo siyafichi. Lakini soma ripoti yenyewe uone anapenda nini: ruzuku. Alieleza kwamba ruzuku humtia moyo mwenye kiwanda bila kupandisha bei dukani, na bila kuleta uhaba, mambo mawili ambayo ushuru mkubwa huyaleta. Bunge halikumpa ruzuku alizozitaka. Nyongeza za ushuru alizoomba zilikuwa za wastani kiasi kwamba wenye karakana wengi wa mijini, waliotarajia ulinzi zaidi, walivunjika moyo na wengine wakahamia kwa Jefferson. Mlinzi wa viwanda gani huyu anayekimbiwa na wenye viwanda?

Sababu yake haikuwa huruma kwa walaji. Mapato ya serikali yalitoka karibu yote forodhani, na bidhaa zilizopita forodhani kwa sehemu kubwa zilitoka Uingereza. Riba ya hatifungani ililipwa kwa fedha hiyo. Ukiwafungia Waingereza mlango, meli haziji. Meli zisipokuja, Hazina inakauka. Hazina ikikauka, hatifungani zinaporomoka, na mfumo wote alioupigania tangu 1790 unaanguka. Kwa Hamilton, ushuru ulikuwa mrija wa maji, na hakuna mtu anayepigana kwa kutumia mrija wake wa maji.

Wapinzani wake walifikiri kinyume. Desemba 1793, wiki mbili kabla ya kuacha uwaziri, Jefferson aliwasilisha ripoti yake juu ya biashara ya nje. Msingi wake: biashara iwe huru kwa anayekubali iwe huru, lakini taifa litakalong'ang'ania vikwazo na ushuru dhidi yetu, nasi tulitoze na kulizuia kwa kipimo hichohicho. Weka maneno hayo kando ya tangazo la Aprili 2025, ambalo liliuita ushuru wake wa kulipa kwa kipimo sawa, uone nani anafanana na nani. Januari 3, 1794 Madison akaleta maazimio bungeni kuigeuza ripoti ile kuwa sheria. Hesabu yake ilikuwa hivi: Marekani inauza chakula na malighafi, vitu vya lazima; Uingereza inauza vitambaa na vyombo, vitu ambavyo mtu anaweza kuvikosa; kwa hiyo Mwingereza ataumia kwanza. Aliyemjibu ni William Loughton Smith wa South Carolina, kwa hotuba ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya Hamilton, iliyojaa takwimu za nani anategemea soko la nani. Ilionyesha kwamba Uingereza ilikuwa na wateja wengi na Marekani ni mmoja tu kati yao, wakati Marekani bila Uingereza ingebaki bila muuzaji wala mkopeshaji. Maazimio yaliahirishwa, kisha yakafunikwa na habari kwamba Waingereza wamekamata zaidi ya meli 250 za Marekani huko visiwa vya Karibi, na Jaji Mkuu John Jay akatumwa London kutafuta amani.

Mkataba alioleta Jay ndio uliokamilisha vyama. Moja ya masharti yake, ambalo wengi hawalijui, liliizuia Marekani kwa zaidi ya miaka kumi kuitoza Uingereza ushuru wa kibaguzi. Yaani Federalist walikubali kuisalimisha fimbo ya Madison kwa mkataba wa kimataifa. Seneti iliupitisha Juni 1795 kwa kura 20 kwa 10, hesabu finyu kabisa inayotakiwa na Katiba, na watu wakamchoma Jay kwa sanamu mitaani. Vita ya mwisho ilikuwa Aprili 1796 katika Baraza la Wawakilishi, juu ya fedha za kuutekeleza. Zilipita kwa kura 51 kwa 48. Baada ya hapo hapakuwa na mbunge aliyeweza kujifanya hana kambi, hata Washington alipoaga urais mwezi Septemba akiwasihi waogope roho ya vyama.

Wapo wanaosema uchumi haukuwa kiini. Kiini kilikuwa Ufaransa. Mapinduzi ya 1789 na vita vya 1793 ndivyo vilivyowapeleka watu wa kawaida kwenye mikutano, na kila upande uliamini mwenzake anataka kuua jamhuri, mmoja kwa ufalme, mwingine kwa vurugu. Hoja hii naiheshimu. Bila Ufaransa, ugomvi wa hatifungani ungebaki wa wabunge na wenye magazeti. Ila tazama mpangilio: kura ya benki, yenye mstari ule mkali wa kaskazini na kusini, ilipigwa miaka miwili kabla ya Ufaransa kutangaza vita na Uingereza. Na sababu ya Federalist kuiogopa vita hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vya forodha.

Hoja dhaifu kabisa ni ile inayopendwa zaidi: kwamba Hamilton alikuwa wa matajiri na Jefferson wa wanyonge. Matajiri wa South Carolina wenye mashamba ya watumwa walikuwa Federalist kwa miaka mingi, na jimbo lao liliunga mkono serikali kuu kubeba madeni kwa sababu lilikuwa na madeni. Ndani ya Philadelphia palikuwa na wafanyabiashara wakubwa wa Republican. John Adams, rais wa Federalist, alizichukia benki kama Jefferson. Na huyu msemaji wa mkulima huru alimiliki katika maisha yake zaidi ya watu 600 kama watumwa. Ushindi wake wa 1800, kura 73 za wajumbe wanaomchagua rais kwa 65 za Adams, ulitegemea kifungu cha Katiba kilichowahesabu watumwa kwa tatu ya tano ili kuyaongezea majimbo ya kusini wajumbe, bila watumwa wenyewe kuwa na kura. Anayetaka kumvisha Jefferson kofia ya mnyonge ana kazi ya kufanya na watu hao 600 kwanza.

Fimbo ya Madison hatimaye ilijaribiwa, na huo ndio ushahidi ambao ningependa watawala wa leo huko Washington wausome. Desemba 1807, Uingereza na Ufaransa zikikamata meli za Marekani, Jefferson akiwa rais na Madison waziri wake, bunge lilipiga marufuku meli kwenda bandari yoyote ya kigeni. Nadharia ilikuwa ileile ya 1794: wataumia kwanza. Mauzo ya nje yalianguka kutoka dola milioni 108 mwaka 1807 hadi milioni 22 mwaka 1808. London haikutikisika. Mabaharia wa Salem na Boston walikaa bure, magendo ya mpaka wa Kanada yakanawiri, na serikali iliyochukia askari wa kodi ikajikuta inatuma askari kukagua mashua. Marufuku ilifutwa Machi 1809, siku chache kabla Jefferson hajaondoka madarakani.

Kejeli ni kwamba balaa hiyo, pamoja na vita vya 1812 dhidi ya Uingereza, ndiyo iliyofanya kile ambacho ripoti ya Hamilton haikuweza. Fedha za New England zilizokosa pa kwenda baharini zikaingia kwenye viwanda vya pamba. Francis Cabot Lowell na wenzake wakajenga chao Waltham. Mwaka 1816 Madison, sasa rais, alisaini ushuru wa kulinda vitambaa vya bei nafuu na kibali cha benki ya pili yenye mtaji wa dola milioni 35. Kitambaa hicho ndicho kilichokuja kufika Unguja kwenye meli za Salem, kikauzwa pwani na bara yote kwa jina la merikani, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliomwekea Mmarekani ushuru wa asilimia 5 tu. Viwanda vilivyolindwa kwao vilitaka forodha laini kwetu. Hamilton aliuawa kwenye pambano la bastola 1804. Hakuona lolote kati ya hayo. Ni Henry Clay, mwanasiasa wa Kentucky, na kizazi chake, katika miaka ya 1820, waliohitaji mwasisi wa kuuthibitisha ushuru wao mkubwa, wakamfufua waziri aliyependa ushuru wa wastani wakamvisha wao.

Kwa nini hili liwe na maana leo zaidi ya kusahihisha mtihani wa historia? Kwa sababu ushuru unaweza kutafuta fedha, au kulinda kiwanda, au kumshurutisha mwingine, na malengo hayo yanagombana. Ukileta fedha nyingi, maana yake bidhaa bado zinaingia na kiwanda hakijalindwa. Ukikilinda kiwanda kweli, mapato yanakauka. Ukiutumia kushurutisha, lazima uwe tayari kuuondoa mwenzako akikubali, na hapo umepoteza fedha na kiwanda vyote. Serikali ya Trump imeyataja yote matatu kwa wakati mmoja. Hamilton alichagua la kwanza na akaishi na gharama zake. Madison na Jefferson walichagua la tatu, na 1808 ikawaonyesha bei.

Kwa wanaokwenda kujadiliana na Washington kutoka Nairobi, Dodoma au Kampala, swali la kwanza basi lisiwe kiwango ni asilimia ngapi. Liwe ni lipi kati ya malengo hayo linatawala kwa bidhaa iliyo mezani. Nchi yetu yoyote haiuzi Marekani kiasi cha kuijazia Hazina yake, na mashati ya viwanda vya Athi River hayajamfungia mtu kiwanda Ohio. Kinachobaki ni kushurutishwa, na hapo mazungumzo yanahusu madini, kura Umoja wa Mataifa na uhusiano na China kuliko yanavyohusu mashati. Kibaya zaidi, sheria ya 1789 na mkataba wa Jay vilipiganiwa bungeni, kura ikihesabiwa mbele ya watu, na vilipopita mfanyabiashara alijua atalipa nini mwakani. Ushuru wa 2025 uliwekwa kwa amri za rais chini ya sheria ya dharura, uhalali wake ukabishaniwa hadi Mahakama ya Juu, na mpango wa AGOA ulioanza 2000, wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru, ukafikia ukomo wake Septemba 30 ya mwaka huohuo. Mwenye kiwanda anayepokea oda leo ya nguo zitakazofika Baltimore baada ya miezi minne analazimika kutaja bei bila kujua atatozwa kiasi gani bandarini, na mnunuzi wake, ambaye naye hajui, anampelekea oda hiyo mtu wa nchi nyingine.